Nilisoma Falsafa pamoja na Uhusiano wa Kimataifa. Kwa wazazi wanaouliza "utakula nini?", karibuni

KahawaChungu (mtoa mada):

Wakuu, habari za jioni.

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kanipigia simu ananong'ona kama mtu aliyeiba kuku. Anataka kwenda kusoma Falsafa pamoja na Uhusiano wa Kimataifa. Mama hana neno. Baba kamuuliza swali moja tu, "Utakula nini?", kisha akarudi kuangalia taarifa ya habari. Nimemwahidi dogo kwamba nitaandika humu ili na baba yake asome, maana najua mzee ni mwanachama wa siku nyingi, ila huwa anasoma tu bila kuchangia. Shikamoo, mzee.

Mimi nilisoma mchanganyiko huo huo. Nilipata ufadhili nikaenda Uskochi. Kule digrii ya kwanza ni miaka minne: mwaka wa kwanza unabeba masomo matatu, na ukifika wa tatu unabaki na mawili yako. Niliingia na Falsafa, Uhusiano wa Kimataifa na Uchumi. Mimi na Uchumi tuliachana kwa amani baada ya mwaka mmoja.

Niseme jambo la pembeni kabla sijasahau. Vyuo vikongwe vya Uskochi huiita digrii ya kwanza ya masomo ya sanaa MA. Ndiyo hiyo MA aliyorudi nayo Mwalimu Nyerere kutoka Edinburgh mwaka 1952, na miongoni mwa masomo aliyosoma ilikuwamo falsafa ya maadili. Niliporudi nchini, afisa mmoja wa ajira alikishika cheti changu kwa ncha za vidole, akaniuliza nimepataje digrii ya pili bila ya kwanza. Nilieleza kama nusu saa hivi. Kazi sikupata.

Turudi kwenye mada. Watu hudhani ukichanganya masomo haya anatoka balozi anayenukuu Plato kwenye hafla. Kilichonikuta mimi ni kwamba ukurasa ule ule nilisomeshwa mara mbili, na mara ya pili ukageuka.

Mfano ni Thucydides, mwanahistoria Mgiriki wa kale. Katika historia yake ya vita kati ya Athens na Sparta kuna majadiliano maarufu ya mwaka 416 kabla ya Kristo. Waathens wamefika kisiwa cha Melos na merikebu zao, wanawaambia wenyeji kwa kifupi: mwenye nguvu hufanya awezalo, mnyonge hustahimili limpasalo. Jumanne, darasa la Uhusiano wa Kimataifa, mhadhiri akatuonyesha sentensi hiyo kama jiwe la msingi la mkondo wa uhalisia, yaani wale wanaosema kati ya nchi na nchi nguvu ndiyo huamua. Tukainakili. Alhamisi, kwenye semina ya falsafa, maandishi yale yale, na swali la kwanza likawa: nani anasema? Si Thucydides. Ni wajumbe wa Athens, ndani ya majadiliano aliyoyatunga yeye. Ukifungua kurasa zinazofuata unawakuta Waathens hao hao mwaka 415 wanapanda merikebu kwenda Sicily, na mwaka 413 jeshi lao lote linateketea huko. Sasa mwandishi alikuwa anatufundisha kanuni ya dunia, au alikuwa anatuonyesha kiburi cha watu wanaokaribia kuanguka? Nilitoka semina ile nina hasira na daftari langu la Jumanne.

Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, hali kadhalika. Kila kitabu cha utangulizi cha uhusiano wa kimataifa kitakwambia kwamba kwa Hobbes madola yako kama watu wasio na serikali, vita vya kila mmoja dhidi ya kila mmoja. Nenda kasome sura ya 13 ya kitabu chake cha 1651, Leviathan. Anasema kweli kwamba wafalme wanakodoleana macho wameshika silaha kama gladiata. Lakini papo hapo anaongeza kwamba kwa kuwa kwa kufanya hivyo wanalinda shughuli za raia wao, haifuati dhiki ile inayompata mtu mmoja mmoja asiye na serikali. Nusu hiyo ya pili vitabu vingi vya utangulizi vinaiacha. Sikujua kama mtu anaweza kuruka nusu ya aya akajengea taaluma nzima.

Mantiki nayo ilinitesa muhula mzima, alama na mishale mitupu. Lakini nilipewa zoezi moja ambalo sijalisahau. Dola linalojiandaa kushambulia huongeza silaha. Jirani yetu ameongeza silaha. Kwa hiyo jirani anajiandaa kutushambulia. Kagua. Hoja ni mbovu, maana anayeogopa kushambuliwa naye huongeza silaha. Wiki hiyo hiyo kule upande wa pili tulikuwa tunasoma jinsi nchi mbili zisizotaka vita zinavyoweza kuingia vitani kwa kuogopana. Kosa la mantiki likiwekwa bajeti ya ulinzi, ndilo hilo.

Sasa nifike mahali ambapo nilijua nimesoma kitu sahihi.

Mwaka wa tatu, somo la maadili ya vita. Mhadhiri akaandika ubaoni masharti matatu ya vita vya haki kwa mujibu wa Thomas Aquinas, mtu wa karne ya 13: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Akaongeza kwamba waliokuja baadaye waliweka na mengine, likiwamo la kuwa na matumaini ya kushinda, yaani usiwapeleke watu wako kufa bure. Nikacheka kwa sauti. Darasa zima likageuka. Nilikuwa Mtanzania peke yangu mle ndani, ningewaelezaje kwamba hayo masharti nayajua tangu sijui kusoma, nimeyasikia redioni kila mwaka? Ni Nyerere, Novemba 1978, akitangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo."

Mhadhiri akasema, haya, njoo mbele utueleze. Nikaeleza. Idi Amin kaingiza jeshi Kagera, kajitangazia kwamba eneo la kaskazini ya mto Kagera ni la Uganda. Tanzania ikajibu, ikamtoa, ikavuka mpaka, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Nikarudi kukaa nikijiona mwamba. Ndipo maswali yakaanza, na ndiyo maswali niliyoishia kuandikia tasnifu.

Sababu ya kumpiga ilikuwa kuvamiwa. Sawa. Lakini sababu hiyo inakufikisha wapi? Mpaka Mutukula, pale mpakani? Masaka, ndani ya Uganda? Kampala? Aliyesoma uhusiano wa kimataifa peke yake atafungua Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1963 akuonyeshe kifungu cha kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, kisha azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka ya kikoloni, azimio ambalo Tanzania yenyewe ilikuwa mstari wa mbele kulipigania. Atakwambia kwamba kwenye mkutano wa OAU Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania waziwazi. Aliyesoma falsafa peke yake atakwambia kwamba dikteta anayeua watu wake hana mamlaka ya kuheshimiwa, basi, kesi imefungwa. Mimi nilikuwa nimebeba vyote viwili na havikutaka kukaa kikapu kimoja.

Nyerere mwenyewe hakudai kwamba alikwenda kuwakomboa Waganda. Alisema kulikuwa na vita viwili: vya Tanzania dhidi ya mvamizi, na vya Waganda wenyewe dhidi ya Amin. Machi 1979 makundi ya Waganda yakakutana Moshi, ikazaliwa UNLF, umoja wa makundi hayo dhidi ya Amin, Yusuf Lule akachaguliwa kuiongoza. Ni hoja ya kidiplomasia yenye akili sana. Kifalsafa inabana, kwa sababu askari alikuwa yule yule na bunduki ile ile, vita viwili vinatenganishwa na nini kama si nia?

Na nia yenyewe ni nini? Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko Kiingereza. Kwetu mtu hutia nia kabla ya kufunga. Nia iko moyoni mwa mtu, wala jirani yako haioni. Je, dola lina moyo? Rais akiwa na nia moja, jenerali nyingine, na kijana wa mgambo kutoka Singida nyingine, tuseme nchi ilikuwa na nia gani? Nilikaa na swali hilo miezi minane, na baridi ya Uskochi juu.

Nimeandika sana. Maswali karibuni, matusi pia.

Mods msiunganishe uzi huu.

Tumbili Mstaafu:

Nimekaa paleee.

Fundi Hesabu:

Mkuu, andiko tamu, nimelisoma lote. Lakini baba wa watu kauliza mtoto atakula nini, wewe umemjibu Aquinas.

KahawaChungu:

@Fundi Hesabu umenikamata vibaya. Haya, bila kupamba.

Nilirudi nikakaa miezi kumi na minne bila kazi ya maana. Nilifundisha tuisheni ya Kiingereza Sinza, watoto wa kidato cha pili, elfu mbili mbili kwa kichwa. Nikaanza kutafsiri nyaraka za mashirika, kwanza kwa mtu mwenye ofisi yake, baadaye mwenyewe. Huko ndiko nilikopatia kazi Arusha, taasisi ya kikanda, naomba nisiitaje. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni rasimu. Mawaziri wanakutana, usiku tunakaa na tamko lao. Nchi moja inataka liandikwe "unalaani", nyingine inataka "umesikitishwa na", ya tatu inakubali "umesikitishwa sana" ikiwa neno "serikali" litatoka. Ni saa saba ya usiku, chai imepoa. Mwenye kuona kwamba sentensi mpya inapingana na aya ya nne ndiye anayehitajika mle ndani, na kwa bahati hiyo ndiyo kazi pekee niliyofunzwa kwa miaka minne.

Kwa hiyo nakula. Sijajenga. Mwenzangu tuliyemaliza naye form six akasoma uhasibu ana nyumba Goba, namwonea wivu wikendi.

Dogo nimwambie jambo moja la vitendo: lugha ya tatu. Kifaransa au Kiarabu, aanze mwaka wa kwanza asingoje. Na Kiswahili chake akinoe kweli kweli, si hiki cha kuchanganya. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha rasmi ya kazi, na wanaoweza kutafsiri sentensi ya kisheria kwa Kiswahili kinachosomeka ni wachache mno. Najua kwa sababu huwa nazisahihisha.

NyotaYaZiwa:

Salamu kutoka Kisumu. Mimi nilisomea Nairobi, falsafa na sayansi ya siasa, kwa hivyo naongea kama mtu wa nyumbani.

Nimesoma uzi wote nikingojea jina moja la Mwafrika ambaye si rais. Aquinas yuko, Hobbes yuko, Mgiriki wetu yuko. Henry Odera Oruka yuko wapi? Huyu alikuwa profesa hapa Nairobi mpaka alipoaga 1995. Alizunguka vijijini akiwahoji wazee, babake mwenyewe Oruka Rang'inya akiwa mmojawapo, na Paul Mbuya Akoko. Hakuwa anakusanya methali. Alikuwa anatafuta mzee anayeweza kusimama mbali na desturi ya watu wake akaihoji, maanake kusema "ndivyo tulivyozoea" hakumfanyi mtu kuwa mwanafalsafa.

Na kwa mambo ya kimataifa ndiye angewafaa zaidi. Yeye aliuliza: msaada wa nchi tajiri kwa nchi maskini ni hisani ama ni deni? Jibu lake lilikuwa kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha kuishi, na haki hiyo haiangalii mpaka wa nchi. Ukikubali hilo, mfadhili si mfadhili tena, ni mtu anayelipa anachodaiwa. Nenda nayo hiyo kwa mkutano wa wafadhili uone sura zao.

KahawaChungu:

@NyotaYaZiwa umenigusa kidonda, dada yangu. Miaka mitatu ya kwanza orodha zangu za kusoma hazikuwa na Mwafrika hata mmoja. Oruka nilimkuta mwenyewe, maktaba, natafuta kitu kingine kabisa. Kisha niliporudi nikakuta na huku tunafanya vile vile, mtoto wa Dodoma anakariri mikondo ya Wamarekani akiamini ndiyo hali ya hewa.

Hilo la haki na hisani linanikumbusha 1965. Ujerumani Magharibi haikutaka Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar. Tulipokataa, wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Nyerere akawaambia basi, chukueni na uliobaki. Wenzangu wa uhusiano wa kimataifa waliona ni hesabu mbaya, nchi changa inajikata mkono. Mimi nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba mtu anayepokea hisani na mtu anayepokea haki yake hawajibu vitisho kwa namna moja.

Halafu angalia neno lenyewe. Kiswahili kinatumia "haki" kwa vitu ambavyo Kiingereza kinavitenga kwa maneno mawili: ile ninayodai mimi kama yangu, na ile hali ya mambo kuwa sawa baina yetu. Tasnifu yangu ilikuwa inanigomea kila nikitafsiri. Na "dola" sisemi, neno la Kiarabu lenye asili ya kupokezana zamu, na sisi tunalitumia pia kwa noti ya Marekani.

Binti Kyaka:

Nimesita kuandika. Mnazungumza vizuri ila mnazungumza kama watu waliovisoma vita.

Bibi yangu alikuwa ng'ambo ya mto. Alivuka na watoto watatu kabla daraja la Kyaka halijapigwa, mmoja mgongoni. Ng'ombe walibaki, hawakuonekana tena. Waliporudi nyumba ilikuwa ukuta mmoja. Kwa hiyo mimi habari ya sababu sihitaji profesa.

Lakini mjomba wangu alikuwa mwanajeshi, alikwenda mpaka Masaka. Kuhusu Kyaka alikuwa anasimulia mpaka usiku. Kuhusu Masaka hakuwahi kusema. Mji ule ulivunjwa vibaya, na wanaojua wanajua kwamba kulikuwa na hasira ya kulipiza yaliyofanyika kwetu. Ukimuuliza anatoka nje kuangalia mbuzi. Falsafa yenu inasemaje kuhusu mbuzi?

KahawaChungu:

@Binti Kyaka pole, na pole kwa bibi.

Nijibu kidogo ninachoweza. Wanaofundisha maadili ya vita wanatenga maswali mawili: je, tulikuwa na haki ya kupigana, na je, tulipigana kwa haki. Jibu la kwanza halibebi la pili. Unaweza kuwa na sababu safi kabisa ya kuvuka Mutukula na ukakosea kila nyumba unayoipita. Michael Walzer, Mmarekani, aliliandika hilo kwa urefu mwaka 1977, na vitabu vya siku hizi vikitaja vita vilivyong'oa tawala za mauaji huweka vitatu pamoja: India kule Pakistani Mashariki (Bangladesh ya leo) 1971, Vietnam kule Kampuchea (Kambodia) 1979, na sisi. Tunatajwa kama mfano mwema. Masaka haitajwi.

Sijui kama mjomba wako alikuwa anajibu swali la pili kila alipotoka nje. Ila nilipoandika tasnifu nilikuwa na sura nzima ya nia na aya mbili za Masaka. Leo ningegeuza.

Mwana wa Buja:

Amahoro. Swali la mpaka wapi lilitukuta sisi Burundi. Umoja wa Afrika tangu mkataba wa Lomé wa mwaka 2000 una kifungu cha 4(h), haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Yaani waliandika kwenye sheria kile walichomlaumia Nyerere. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama likaidhinisha askari 5,000 waje kwetu hata serikali ikikataa. Januari 2016 wakuu wa nchi wakakutana Addis, wakarudi nyuma, hawakuja. Mimi nilikuwa kambi ya Nduta, Kigoma, nasikiliza kwa simu. Hoja ya nani angefanya nini kwa haki gani tuliijadili kila usiku kwenye foleni ya maji, bila digrii.

Fundi Hesabu:

Sasa huu ndio uzi. Mimi nimekuja kutania nimebaki nasoma.

Ila bado nashikilia, dogo aongeze takwimu. Falsafa bila namba ni mahubiri.

KahawaChungu:

@Fundi Hesabu nakubali, mimi nilikimbia takwimu na inanigharimu mpaka leo.

@Mwana wa Buja asante. Nitakutafuta pembeni.

Dogo HGL:

Shikamooni wote. Ni mimi mwenye uzi.

Baba amesoma. Hajasema kitu, ila alisoma kwa sauti kwa ajili ya babu, maana babu macho hayaoni vizuri. Babu alikuwepo Kagera, alikuwa dereva. Ilipofika ile sehemu ya uwezo, sababu na nia, babu alimkatiza akasema: sababu ilikuwepo, nia ilikuwepo, uwezo siku ile haukuwepo. Anasema siku hotuba inasomwa redioni wao walikuwa bado upande mwingine wa nchi, wanahangaika na usafiri, mabasi na malori ya watu binafsi yanachukuliwa ndiyo yabebe askari. Anasema Mwalimu alidanganya.

Baba akamwambia hakudanganya, maana uwezo si ulikuja? Babu akasema ulikuja kwa sababu alisema upo. Wamebishana mpaka saa nne. Mama kazima taa.

Sasa kaka, kipi ni kipi? Mtu akisema jambo ambalo bado si kweli ili liwe kweli, ni uongo?

KahawaChungu:

Dogo, kuna Mwingereza mmoja wa Oxford, J. L. Austin, aliyefundisha kwamba kauli nyingine hazielezi jambo, zinalifanya. Kama kadhi anayefungisha ndoa. Utamkuta, nadhani mwaka wa pili. Lakini sina hakika kwamba Austin anamtosha babu yako. Kesho mchana nipo Dar, nitapita hapo nyumbani. Mwambie baba asiende mahali, na babu asimalize ubishi bila mimi.

Dogo HGL:

Baba anauliza unakunywa kahawa au chai.